Gogo Nililolibariki

Barua yenu imenifikia. Mnasema kwenye semina ya makatekista wapya kutakuwa na somo juu ya Ukristo na dini nyingine, na mnaniomba mimi mzee wenu niwaandikie kurasa chache. Mwenzenu aliyeileta barua alikunywa chai hapa, akanieleza kwa mdomo kile ambacho barua iliona aibu kukisema: mnataka mbinu za kuwashinda Waislamu kwa hoja na za kuwanyamazisha waganga. Nilicheka. Nilipokuwa na umri wenu nilitaka hivyo hivyo, na kwa mbinu hizo nilikuwa hodari kuliko mnavyodhani.

Nimefundisha dini zaidi ya miaka thelathini. Nilianzia kwetu Bukombe, katikati ya familia za wakulima ambazo Ukatoliki wao wameurithi kwa babu na bibi. Nikahamishiwa machimboni, upande wa Geita. Nikamalizia Nyahanga, pale Kahama, hadi magoti yalipoikataa baiskeli. Machimbo ninayotaka kuyasimulia sitayataja jina, kwa sababu wapo watu pale ambao bado wana msiba moyoni.

Kwanza mambo ya kazi, maana najua mtayahitaji kesho asubuhi. Machimboni usipange mafundisho kwa saa yako. Panga kwa zamu za wachimbaji. Ukimkalisha darasani mtu aliyetoka chini sasa hivi, atasinzia kabla hujamaliza ishara ya msalaba, nawe utamwita mwenye dharau bure. Chaki ifunge kwenye nailoni. Usishindane na karasha, zile mashine za kusaga mawe. Ngoja wazime kuongeza mafuta, ndipo useme jambo lako la maana. Na mtu akija kujiandikisha, muulize jina lake la kuzaliwa, kijiji chake na dini ya wazazi wake, uandike siku hiyo hiyo. Kule watu huitana Chuma, Mia Mbili, Msomali ambaye ni Msumbwa wa Ushirombo. Usipoandika, siku akifa utajuta.

Hilo la mwisho nilifundishwa na Chuma mwenyewe. Alikufa kwa homa, siku ya tatu tu tangu imlaze kitandani. Tulipompekua tukakuta mfuko mmoja wa suruali una rozari na mwingine una hirizi. Hakuna aliyejua ametoka wapi wala anaitwa nani. Mimi nikasimama upande mmoja wa maiti, upande wa pili akasimama Maalimu Hamisi.

Maalimu alikuwa mzee wa Tabora. Kazi yake mchana ilikuwa kukata na kuuza magogo ya kuegemezea kuta za mashimo, na jioni alifundisha watoto Kurani kwenye kibanda cha mabati kilichopakana na kanisa letu la kigango.

"Mwalimu," akaniuliza, "una uhakika ni wako?"

"Sina."

"Hata mimi sina." Akakunja mikono ya kanzu. "Basi tumzike. Mwenyewe Mungu anamjua."

Tukamzika, kila mmoja akasoma za kwake kwa sauti ya chini, tukioneana haya kama wakwe. Tangu siku ile nilijihesabu kuwa rafiki yake, na watu wakasema machimbo yetu hayana ugomvi wa dini. Ukweli ni kwamba nilimheshimu kwa namna unavyomheshimu mgeni mstaarabu, mradi asikukosoe nyumbani kwako.

Sasa niwaambie juu ya somo la sanamu. Nilikuwa na sifa kwa somo lile. Nilikuja na kibuyu cha mganga, hirizi mbili tatu za ngozi, na mkia wa mnyama nisiyemjua. Nilivitandaza mezani, nikavifanyia mzaha, watu wakacheka mpaka machozi. Kisha niliwasimulia habari za yule nyoka wa shaba aliyetengenezwa jangwani kwa agizo la Mungu mwenyewe, ili walioumwa wamtazame wapone. Na jinsi baadaye watu walivyoanza kumfukizia ubani, hadi mfalme mmoja mwema alipomvunja vipande. Niliisimulia vizuri sana, na kila mara niliisimulia kama habari za watu wengine.

Mzee Lushinge, katekista aliyenilea kazini kule Bukombe, aliniona siku moja nikifanya maonyesho yangu. Tulipotoka akaniambia kwa upole kwamba kila somo la sanamu linatakiwa kuanza na vitu vilivyomo kanisani, halafu ndipo liende kwa mganga. Nilimjibu, "Ndiyo, mzee," kama mnavyonijibu ninyi. Nilidhani amechoka.

Kwa wale ambao hawajafika machimboni, duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na linashuka wima kama kisima. Ili kuta zisibomoke, wachimbaji hupanga magogo ndani yake toka juu mpaka chini. Magogo hayo huyaita matimba. Huwa kuna timba moja kubwa, la kukingama, ambalo mengine yote yanalitegemea. Likienda hilo, yote yameenda.

Pale kwetu hakuna aliyefungua duara bila kafara. Kuku mweusi au mbuzi alipelekwa kwa mganga, damu ikamwagwa mdomoni mwa shimo. Shija, kijana wa Kisukuma niliyemfundisha mwenyewe hadi akabatizwa Pasaka ya mwaka ule, alikuwa kiongozi wa duara jipya, na alikataa. Aliwaambia wenzake yeye ni Mkristo sasa, hamwagi damu. Wakamwambia basi na wewe tuletee cha kwako. Akaja kwangu.

Nilifurahi kupita kiasi. Nilikwenda na chupa ya maji ya baraka kutoka parokiani. Nikasali mdomoni mwa shimo, nikashuka kwa ngazi hadi kwenye lile timba kubwa, nikalinyunyizia maji, na Shija akapigilia msumari akaning'iniza rozari. Niliomba Mungu awalinde wote watakaoshuka humo. Hadi hapo sikukosea, na nawaambieni wazi ili msije mkaogopa kubariki. Kosa lilikuja baada ya hapo, polepole.

Wiki chache baadaye duara lile likatoa mawe mazuri. Habari ikatembea. Wachimbaji wa Shija wakaanza kuligusa lile timba kila wanaposhuka, kisha wanajigusa kifuani. Waislamu wao pia waligusa. Wa maduara mengine wakaja kuniita, wakitaka "ile ya Shija". Kanisa likajaa hadi watu wakasimama nje. Nilijua kabisa wanagusa nini na wanatumaini nini. Nilikuwa nimekifundisha kitu kile kwa kibuyu na hirizi mezani miaka yote. Lakini safari hii kilikuwa cha kwangu, na kilinijazia kanisa, nikakiita imani.

Maalimu naye walimwendea kumwomba awaandikie kombe, yale maandishi ya aya yanayooshwa kwa maji, maji yakanyunyizwe shimoni. Alikataa mara zote. Nilimsikia kwa masikio yangu, maana ukuta wetu ulikuwa mmoja: "Kombe halizuii udongo. Wekeni magogo mazima, kisha mwombeni Mungu mkiwa mmefanya kazi yenu." Waliokataliwa naye wakaja kwangu.

Mvua zilipokolea, Maalimu alishuka kwenye duara la Shija kupima matimba ya chini yaliyohitaji kuongezwa. Akapita lile kubwa, akaligonga. Alimwambia Shija litolewe siku hiyo hiyo. Shija akamjibu kwa adabu zote, "Maalimu, hilo halitolewi. Lina baraka." Wakatoa mengine yote mabovu, lile wakaliacha.

Jumapili, watu wakiwa bado wamesimama nje baada ya ibada, Maalimu akaja uwanjani kwetu. Hakuwahi kuja hapo kabla ya siku ile.

"Mwalimu, lile gogo la Shija limekufa," alisema. "Mchwa wamelila ndani, ukiligonga linalia kama kibuyu. Waambie walitoe. Mimi hawanisikii. Wewe watakusikia."

Nilitakiwa kumwita Shija, aliyekuwa hatua kumi kutoka pale. Ndiyo kazi yote niliyotakiwa kuifanya. Lakini watu walikuwa wanatutazama, na nilichosikia mimi ni kwamba Mwislamu amekuja uwanja wa kanisa kuniambia baraka yangu imeoza.

"Maalimu," nikasema, "hilo ni jambo la imani yetu. Na wewe ni muuza magogo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika.

"Kweli nauza magogo. Hilo nitawapa bure." Akasogea, akashusha sauti ili wengine wasisikie. "Mungu hakai kwenye gogo, Mwalimu. Nakusikia ukiwafundisha hivyo kila Jumatano."

Nikamjibu nitalifikiria. Nilijiambia nitazungumza na Shija siku ya mafundisho, Jumatano, kwa utaratibu, isionekane nimetumwa na Maalimu. Duara lilibomoka Jumanne, mchana kweupe, watu wakiwa wanakula.

Walikuwa wanne chini. Tulifukua kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Maalimu ndiye aliyeshuka mbele ya waokoaji akiegemeza kuta, na kama si yeye tungezika na waokoaji. Mimi nilishika kamba. Watatu wakatoka hai, mmoja mguu umevunjika. Shija akatoka amekufa.

Timba nalo likapandishwa, vipande viwili, rozari bado iko kwenye msumari. Ndani lilikuwa unga mtupu. Mchimbaji mmoja akaliinamia, akalibusu. Nilikuwa nimesimama karibu yake, kamba bado mkononi, na hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu nilichokifanya. Nililia, na watu wakadhani nalia msiba tu.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipotaka mfike. Mngetarajia baada ya siku ile watu waseme gogo lilioza. Hawakusema. Baraka haiozi, walisema, kwa hiyo yupo mtu aliyeivunja. Shija alikuwa na mama, Mayu Kabula, mjane aliyeishi peke yake pembezoni mwa kijiji, ambaye hakubatizwa na wala hakutaka. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na kijumba kidogo cha masamva, mizimu ya wazee wake, akimwaga hapo unga na maji. Alikuwa mzee, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Watu watatu wa kigango changu, waliobatizwa, wakaenda kupiga ramli. Wakarudi na jibu ambalo ninyi wenyeji wa huku mmeshalikisia: mama mwenyewe ndiye mchawi.

Na maneno waliyoyatumia yalikuwa ya kwangu. Mara ngapi nilikuwa nimehubiri kwamba nyumba yenye matambiko haina ulinzi wa Mungu. Nilipohubiri nilimaanisha kuwavuta watu wabatizwe. Wao wakayachukua maneno yale wakaanza kunolea panga.

Kikongwe anayesemwa hivyo hapewi muda mrefu. Siku ya pili baada ya mazishi, Maalimu na mkewe walikwenda asubuhi wakamchukua Mayu Kabula, na kirago chake na kuku wake, wakamweka kwao. Nilimkuta Maalimu njiani, nikamuuliza kwa nini anajiingiza.

"Mizimu yake siikubali hata kidogo, na nimemwambia hivyo," alisema. "Lakini ni mama wa mtu. Na mtu mwenyewe tumemzika juzi."

Hakuniambia neno la gogo. Angeniambia ningepata la kujibu, nikaondoka nimekasirika, na ningeona nafuu. Hakunipa nafuu hiyo.

Nilijifungia siku mbili. Nilijua kitu kimoja tu kingemwokoa mama yule, nacho ni kusema mbele ya watu kwamba niliambiwa nikanyamaza. Na nilijua kitanigharimu nini. Mkiwa makatekista mtaona jinsi watu wanavyokuita Mwalimu, wanavyokupisha njia, wanavyokuletea mtoto mgonjwa umwekee mkono. Ni vitamu vitu hivyo. Niliogopa kuvipoteza, wakati yule mama aliogopa panga.

Siku ya tatu nikaenda kwa Maalimu. Mayu Kabula alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua choroko.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma.

Aliitikia, kisha akauliza bila kuinua macho, "Mwalimu, wanasema nimemla mwanangu. Na wewe unasema hivyo?"

"Hapana, mayu. Gogo lilioza. Maalimu aliniambia Jumapili, watu wakiwepo. Sikumwambia Shija."

"Kwa nini?"

"Kiburi."

Aliendelea kuchambua. Nilihesabu mawe madogo aliyoyatupa pembeni, manne, matano.

"Alikuwa analigusa kila siku?"

"Kila siku."

"Kwa sababu yako."

"Ndiyo, mayu."

Nilitaka anitukane. Nilitaka pia anisamehe, sitawaficha. Hakufanya moja wala jingine. "Mimi najua sikumla," alisema. "Huna haja ya kuniambia mimi. Kawaambie hao wanaonoa."

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa. Padre hakuwepo, kwa hiyo mimi ndiye niliyeongoza ibada. Niliweka vile vipande viwili vya timba mbele, pale nilipozoea kuweka kibuyu na hirizi. Nikawaambia yote: Maalimu alisema nini, nilimjibu nini, na jinsi wao walivyocheka, nami nikafurahi walivyocheka. Nikawaambia hakuna aliyeloga. Nikachukua kipande kimoja nikakivunja kwa mikono, hakikuhitaji shoka. Unga ukamwagika sakafuni, na mtu mmoja nyuma akaguna kama vile nimempiga.

Nikawaambia kwamba miaka yote nimewacheka waganga kwa kutaka kumshika Mungu kwa kamba na damu ya kuku, kumbe na mimi nilitaka kumshika kwa chupa ya maji. Dini, nikawaambia, inaweza kuwa njia ya kumsikiliza Mungu, na hiyo hiyo inaweza kuwa njia ya kuziba masikio, na yetu haiko nje ya hilo. Na nikawaambia kwamba mtu aliyekwenda kupiga ramli akirudi anamtafuta mama wa watu ili amuue, rozari iliyo shingoni mwake haimtetei mbele za Mungu.

Mmoja wa wale watatu akasimama. "Kwa hiyo Mwalimu, baraka yako haina nguvu? Tuliomba bure?"

Ninyi mtaulizwa swali hili, kwa maneno haya au mengine, kwa hiyo shikeni nilivyomjibu, maana sikuliandaa. "Hatukuomba bure," nilisema. "Tuliomba Mungu awalinde waliomo shimoni. Akatuma mtu anayeyajua magogo, mimi nikamfukuza uwanjani."

Akakaa.

Paroko alinisimamisha kazi mwaka mzima baada ya hapo, na alifanya vizuri. Maduara mengine yaliyokuwa na matimba niliyoyanyunyizia, Maalimu aliyapitia yote akiyagonga moja moja, na siku hizo nilimbebea nyundo yake na kamba ya kupimia. Nilijifunza mlio wa gogo zima na mlio wa gogo lililokufa. Tulibishana sana kule chini, juu ya Isa mwana wa Mariamu hasa, na hakuna aliyemgeuza mwenzake. Nilimwamini Kristo wakati ule kuliko nilivyowahi kumwamini kabla, na sikuhitaji tena Maalimu awe mjinga ili mimi niwe sahihi. Hiyo ndiyo mbinu pekee niliyonayo ya kuwapa.

Lakini sijamaliza habari ya Jumapili ile. Nilipokuwa bado nimesimama pale mbele, nikaona watu wanageuka kutazama mlangoni. Mayu Kabula alikuwa amefika na mke wa Maalimu, sijui tangu saa ngapi, na wamesikia yote. Aliingia. Alitembea katikati ya mabenchi hadi mbele, akachutama, akaitoa rozari kwenye msumari, akaifunga kwenye upindo wa khanga yake, kwa kuwa ilikuwa ya mwanawe. Kisha akageuka, akapita katikati yao wote akielekea mlangoni, na wale watatu wakavuta miguu yao ndani ya benchi ili apite. Hakurudi kwa Maalimu. Alichukua njia ya nyumbani kwake, peke yake, jua likiwa utosini, na hakuna aliyemfuata.

Mtaniuliza kama alibatizwa. Hakubatizwa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa kwa uzee, kitandani kwake.